Angstromu Haina Kosa, Kesi ni ya Kalori

Chukua chupa ya myeyusho wa potasiamu pamanganeti kwenye rafu ya maabara. Lebo yake inasema "0.1 N". N hiyo ni ya normaliti, kizio cha zamani cha ukolezi kinachohesabu elektroni au protoni zinazobadilishwa, na bado kinaishi kwenye lebo nyingi. Aliyeutengeneza myeyusho alipima gramu 3.16 za pamanganeti, akaziyeyusha na kujaza maji hadi lita moja, kwa hiyo ndani ya chupa mna moli 0.02 kwa lita. Aliuita 0.1 kwa sababu alikuwa anafikiria kazi ya kwenye asidi: humo kila ioni ya pamanganeti hupokea elektroni 5, na 0.02 mara 5 ni 0.1.

Baada ya mwezi mmoja mtu mwingine anaichukua chupa hiyohiyo kwa kazi isiyo na asidi. Huko pamanganeti huishia kuwa mashapo ya kahawia ya manganizi dioksidi, na kila ioni hupokea elektroni 3 tu. Chupa ileile sasa ni 0.06 N. Akiiamini lebo, jibu lake litauzidi ukweli kwa theluthi mbili. Mizani ilikuwa sawa, bureti ilikuwa safi, hesabu haikuwa na dosari. Kilichogeuka ni maana ya kizio, na hakuna alama yoyote kwenye chupa inayosema kimegeuka. Asidi ya fosforiki ina vituko vivyo hivyo: ukiipima kwa kiashiria cha methili oranji unahesabu protoni moja, ukitumia fenoftalini unahesabu mbili, kwa hiyo normaliti yake inategemea rangi uliyoichagua!

Mjadala kuhusu vizio visivyo sanifu katika sayansi kwa kawaida huendeshwa kwa swali moja: kizio kimo ndani ya Mfumo wa Kimataifa, yaani SI, au kiko nje? Kilichomo kibaki, kilicho nje kifutwe. Swali hilo linapendwa kwa sababu linajibika haraka kwa kufungua jedwali. Swali linaloamua usalama wa matokeo ni jingine: je, jina la kizio lina thamani moja popote linapoandikwa, au linategemea sharti ambalo mwandishi hakulitaja? Ukiuliza hivyo, orodha ya watuhumiwa inabadilika sana. Baadhi ya vizio vinavyopigwa vita kila mwaka havina hatia yoyote, na vingine vinavyovumiliwa vilipaswa kuwa vimeshazikwa.

Angstromu ndiyo mfano bora wa mtuhumiwa asiye na hatia. Ni mita 10⁻¹⁰, sehemu ya kumi ya nanomita, basi. Haijali joto, shinikizo wala nchi. Kuigeuza ni kusogeza nukta ya desimali. Hata hivyo toleo la 9 la kijitabu cha SI, lililotolewa mwaka 2019, liliiondoa kwenye jedwali la vizio vya nje vinavyokubalika kutumika sambamba na SI. Bar na milimita za zebaki, vizio vya shinikizo, ziliondoka nayo. Vilivyobaki ni kama dakika, saa, siku, digrii, hekta, lita, tani, daltoni, elektronivolti na desibeli.

Wanaochunguza miundo ya fuwele na protini hawakuiacha, na si kwa ukaidi. Bondi kati ya kaboni na kaboni ina urefu wa angstromu 1.54, bondi nyingi ziko kati ya 1 na 3, namba ambazo jicho linazishika bila kuhesabu sifuri. Kuna pia sababu ya kifundi iliyojificha ndani ya faili. Hazina ya miundo ya protini, PDB, ilianzishwa mwaka 1971, na katika muundo wake wa jadi kila kiratibu cha atomi kimetengewa nafasi nane zenye desimali tatu, kwa angstromu. Hatua ndogo kabisa inayoweza kuandikwa ni angstromu 0.001. Ukilazimisha nanomita kwenye nafasi hizohizo, hatua hiyo inakuwa angstromu 0.01, yaani umetupa tarakimu moja. Jambo hilo hutokea kweli: faili za gro za GROMACS, programu ya kuiga mwendo wa molekuli kwenye kompyuta, hutumia nanomita zenye desimali tatu kwa kawaida, hivyo muundo uliotoka PDB ukapita gro na kurudi PDB hurudi umekatwa mkia. Kwa protini kubwa hasara hiyo ni ndogo kuliko kosa la upimaji wenyewe. Ila mtu aliyetumia saa nzima kuishusha nishati ya muundo hadi chini kabisa ataiona imepanda kidogo, na atatafuta sababu mahali pasipo.

Elektronivolti, kizio cha nishati, nayo iachwe na kazi yake. Tangu tarehe 20 Mei 2019 ni jouli 1.602176634 × 10⁻¹⁹ kamili, bila mashaka ya upimaji. Hata barn, kizio cha mita za mraba 10⁻²⁸ kinachopima "upana" wa kiini cha atomi mbele ya chembe inayokijia, hakidhuru mtu. Wanafizikia waliokiita hivyo mwaka 1942 walitania kwamba kiini cha urani ni kikubwa kama ghala la shambani. Jina la utani lenye thamani moja ni salama kuliko jina la heshima lenye thamani tatu.

Na hapo ndipo kalori inapoitwa kizimbani. Kalori ya wanakemia ni jouli 4.184 kamili. Kalori ya majedwali ya kimataifa, wanayoitumia wahandisi wa mvuke, ni jouli 4.1868. Ipo pia kalori ya nyuzi 15, joto linalohitajika kuipandisha gramu moja ya maji kutoka 14.5 hadi 15.5 za Selsiasi. Halafu ipo ile ya kwenye pakiti za vyakula, ambayo ni kilokalori iliyovaa jina la mdogo wake. Kosa la mara elfu halina madhara makubwa kwa mtaalamu, maana linajitangaza lenyewe. La kuogopwa ni lile dogo. Kati ya kalori mbili za kwanza tofauti ni takriban sehemu 7 kati ya 10,000, na wengi husema hiyo ni kama hakuna. Lakini vyombo vya kupimia joto la mwako husahihishwa kwa asidi ya benzoiki, ambayo joto lake ni jouli 26,434 kwa gramu, na mashaka ya jouli 3 hivi. Sehemu 7 kati ya 10,000 za namba hiyo ni karibu jouli 18. Aliyechanganya kalori ameingiza kosa lenye ukubwa wa takriban mara sita ya mashaka ya kiwango chake cha rejea, na hakuna kitu chochote kwenye grafu yake kitakachoonekana kimepinda.

Gesi zina ugonjwa huohuo. "Hali sanifu" ya joto na shinikizo ilibadilishwa na IUPAC, shirika la kimataifa la kemia, mwaka 1982, kutoka atmosfia 1 hadi bar 1. Kwa sababu hiyo moli moja ya gesi bora katika nyuzi 0 inachukua lita 22.414 kwenye kitabu cha zamani na lita 22.711 kwenye kipya. Tofauti ni asilimia 1.3. Kwenye vidhibiti vya mtiririko wa gesi hali ni mbaya zaidi, kwani "sentimita za ujazo sanifu kwa dakika" za mtengenezaji mmoja huhesabiwa kwa nyuzi 0 na za mwingine kwa nyuzi 20 au 25. Kati ya 0 na 25 pengo ni asilimia 9. Ukinunua kidhibiti cha pili cha kampuni nyingine ukakiunganisha na cha kwanza kuchanganya gesi mbili, mchanganyiko wako utakuwa na kosa hilo tangu siku ya kwanza. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye makala: taja joto na shinikizo la rejea, au toa mtiririko kwa moli kwa sekunde na uachane na ujazo kabisa.

Ukiangalia mifano hii kwa pamoja unapata kigezo ambacho sijakiona kikitumiwa vya kutosha: kabla ya kukikataa kizio, angalia kama namba zake zinaweza kupita kama namba za kizio kingine. Glukosi ya damu huandikwa kwa miligramu kwa desilita au kwa milimoli kwa lita, na kigeuzi ni 18. Namba 126 ya upande mmoja ni 7.0 ya upande wa pili. Mtu akikosea kizio, daktari ataliona mara moja, kwa kuwa mgonjwa mwenye milimoli 126 au miligramu 7 haendi kukaa kwenye foleni. Masafa ya kawaida ya vizio hivyo viwili hayagusani.

Vitamini D haina bahati hiyo. Kipimo chake cha damu hutolewa kwa nanogramu kwa mililita au nanomoli kwa lita, kigeuzi ni takriban 2.5, na masafa yake yanaingiliana. Matokeo yanayosema "30" yana maana ya kiwango cha kutosha kama ni nanogramu. Kama ni nanomoli, ni sawa na nanogramu 12, mpaka wa upungufu. Namba ileile, karatasi ileile, ushauri unaopingana. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kulazimisha kizio kimoja kwa nguvu, ni hapa, kabla ya kuhangaika na milimita za zebaki kwenye shinikizo la damu, ambako 120 kwa 80 haiwezi kufanana na 16.0 kwa 10.7 za kilopaskali hata kwa bahati mbaya.

Sumaku ni kesi nzito zaidi, kwa sababu huko kizio chenyewe hakionekani. Katika mfumo wa zamani wa sentimita, gramu na sekunde, na pia katika SI, mwitikio wa dutu kwa uga wa sumaku kwa kila ujazo ni namba tupu isiyo na kizio. Namba hizo mbili hata hivyo hazilingani: ya SI ni kubwa mara 4π, yaani 12.57. Maji yana takriban −9.0 × 10⁻⁶ kwa SI na −7.2 × 10⁻⁷ kwa mfumo wa zamani. Ukikuta jedwali lenye namba tu, huna pa kushikia. Itabidi utafute kwenye maelezo kama mwandishi aliandika uga kwa gausi, kizio cha mfumo wa zamani, au kwa tesla, kizio cha SI, ndipo ubahatishe. Anayetaka kuendelea na gausi kwa sababu milinganyo yake ni mifupi, na ni kweli ni mifupi, aandike jina la mfumo pembeni ya kila namba tupu. Neno moja linatosha.

Vizio vya kimataifa vya kibayolojia, IU, vinahitaji hukumu mbili tofauti. Kwa vitu ambavyo molekuli yake inajulikana na inapimika kwenye mizani, havina kazi tena: IU 40 za vitamini D ni mikrogramu 1, wakati IU 1 ya vitamini A ni mikrogramu 0.3 za retinoli. Jina moja, uzito tofauti kwa kila dutu, na mizani ipo. Andika mikrogramu. Kwa dawa za kibayolojia ambazo ubora wake ni nguvu ya kutenda kazi na si uzito, kizio hicho hakina mbadala wa maana, ila kiandikwe kwa neno zima. Herufi U iliyoandikwa kwa mkono karibu na 4 imesomwa kama sifuri, na insulini ya yuniti 4 ikageuka 40.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba SI ndiyo nyumbani na vingine vyote ni wageni wa kuvumiliwa. Wanafalaki wana kizio kinachoipita SI, yaani tungamo la Jua lenyewe, na wana haki ya kukishikilia. Tungamo la Jua kwa kilogramu ni takriban 1.988 × 10³⁰, na haliwezi kuandikwa kwa usahihi mkubwa zaidi ya huo kwa tarakimu nyingi. Sababu yake haiko kwenye Jua. Mizunguko ya sayari haitupi tungamo peke yake. Hutupa zao la G, konstanti ya uvutano, na tungamo. Zao hilo linajulikana kwa tarakimu kama kumi. G yenyewe, inayopimwa maabara kwa mipira ya metali na nyuzi nyembamba zinazojisokota, ina mashaka ya sehemu 22 katika milioni. Ukiligawa zao zuri kwa G mbovu unapata kilogramu mbovu. Sehemu 22 katika milioni za Jua ni takriban kilogramu 4.4 × 10²⁵, uzito unaozidi Dunia saba. Mtu anayebadilisha matokeo yake kuwa kilogramu ili apendeze machoni pa SI ametia mashaka ya Dunia saba kwenye kazi iliyokuwa safi. Ndiyo maana mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Falaki, IAU, uliweka thamani rasmi ya zao hilo, 1.3271244 × 10²⁰ kwa mita za ujazo kwa sekunde ya mraba, badala ya kuweka kilogramu.

Wanafalaki haohao, lakini, wana mzigo wao wa kutua. Wanaoiga ulimwengu kwenye kompyuta huandika umbali kwa megaparseki, kizio cha umbali kati ya magalaksi, zilizogawanywa kwa h, ambapo h ni kasi ya kupanuka kwa ulimwengu iliyogawanywa kwa 100. Ilikuwa busara wakati kasi hiyo ilibishaniwa kati ya 50 na 100. Leo ukiisahau h, na kuichukulia kuwa 0.7, umbali wa 100 unakuwa 143 na ujazo unakosewa karibu mara tatu. Na watu huisahau.

Kuhusu mashine za kuzungushia sampuli niseme kwa kifupi: anayeandika "mizunguko 10,000 kwa dakika" bila kutaja rota, yaani kishikio cha sampuli kinachozunguka, hajaandika kitu. Nguvu anayopata sampuli ni 1.118 × 10⁻⁵ mara nusu kipenyo kwa sentimita mara mraba wa mizunguko. Kwa nusu kipenyo cha sentimita 6 ni mara 6,708 ya uvutano wa Dunia. Kwa sentimita 10 ni 11,180.

Kuna hoja ya upande wa pili inayostahili heshima. Kugeuza kizio si bure. Nyuzi 37 za Selsiasi ni namba ya tarakimu mbili. Ikigeuzwa kuwa Farenhaiti inakuwa 98.6, na ghafla joto la mwili linaonekana limepimwa hadi sehemu ya kumi. Kwa hiyo data ya zamani isifutwe na kuandikwa upya kwa SI. Ibakie na kizio chake cha asili, safu ya pili iwe na thamani iliyogeuzwa, na kigeuzi kiandikwe kwa tarakimu zake zote.

Kila anayetetea SI huishia kwenye chombo cha Mars Climate Orbiter kilichopotea mwezi Septemba 1999, kwa sababu programu moja ilitoa paundi-sekunde na nyingine ikasoma nyutoni-sekunde, kosa la mara 4.45. Mfano huo unasomwa vibaya. Makubaliano ya maandishi yalikuwa tayari yanadai nyutoni-sekunde. Faili ilipita bila mtu wala programu kuhakiki kilichomo. SI ilikuwepo kwenye karatasi, na haikusaidia.

Wala haitasaidia hata pale vizio vyote viko sahihi. Chukua faili la vigezo vya AMBER, programu nyingine ya kuiga molekuli: ugumu wa bondi ya kaboni na kaboni ni 310, kwa kilokalori kwa moli kwa angstromu ya mraba. GROMACS inataka kilojouli kwa moli kwa nanomita ya mraba. Mwanafunzi anazidisha kwa 4.184, kisha kwa 100, anapata 129,704. Vizio vinalingana pande zote mbili na kila ukaguzi wa kidimensheni utapita. Jibu si sahihi. AMBER huandika nishati ya bondi kama k(r − r₀)², GROMACS huweka nusu mbele ya k, kwa hiyo namba inayotakiwa ni 259,408.

Kosa la namna hiyo halikamatwi kwa kubadilisha vizio. Linakamatwa kwa kupitisha kitu kinachojulikana. Chukulia ethani kuwa ni mabonge mawili ya daltoni 15 (daltoni ni kizio cha tungamo la atomi) yaliyounganishwa na springi hiyo. Geuza 259,408 kuwa nyutoni kwa mita, utapata 430.8. Tungamo punguzwa la mabonge hayo ni daltoni 7.5. Mtetemo unaotoka ni takriban 987 kwa sentimita, na ethani halisi hupimwa kwenye 995 hivi. Ukipata 698, irudie ile nusu.